Zana za Kutengenezea Filimbi za Kuitia Bata: Uchambuzi wa Kisa cha Seremala Mmoja wa Bowling Green

Kisa hiki ni cha seremala mmoja aliyetoka Uvira, Kivu Kusini, ambaye sasa anaishi Bowling Green katika jimbo la Kentucky, mji uliopokea wakimbizi kwa miaka mingi na ambamo Kiswahili husikika dukani, kanisani na kwenye vituo vya mabasi. Kazi yake ya mshahara ni ya kiwandani, lakini jioni hutengeneza viti, masanduku na vibao vya jikoni katika gereji ya nyumba anayopanga. Wenzake wa kiwandani, ambao wengi wamekulia katika uwindaji wa bata wa majira ya baridi, walipoiona kazi ya mkono wake walimwomba awatengenezee filimbi za mbao za kuitia bata, na mmoja wao akaagiza filimbi sita kwa ajili ya ndugu zake, akalipa nusu ya fedha palepale. Seremala huyu alikuwa na akiba ya dola 1,100 aliyoitenga kwa zana. Aliniletea orodha aliyoandikiwa na rafiki yake mwenye karakana kubwa, akaniuliza, “Kaka, nikifuata karatasi hii fedha inaisha kwenye kitu cha kwanza. Nianzie wapi?”

Kitu cha kwanza katika orodha hiyo kilikuwa mashine kubwa ya kukerezea mbao, mpya, ambayo bei yake peke yake ilizidi akiba yote. Chini yake zilifuata patasi za vichwa vya kabaidi, metali ngumu sana, mashine ya kutobolea ya kusimama, msumeno wa mkanda wa umeme, na mwishoni kabisa, kana kwamba ni nyongeza tu, jigi, yaani kiongozi cha chuma, ya kuchongea ubao wa sauti, sehemu ya filimbi inayozaa mlio. Mwandishi wa orodha hakuwa na nia mbaya, na kwa mtu anayekereza mabakuli makubwa ya mbao orodha yake ingekuwa na mantiki. Kwa filimbi ya bata, hata hivyo, naona mpangilio wake umepinduliwa, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu ni kueleza kwa nini kilichoandikwa mwisho kilistahili kuandikwa mwanzo.

Hatuwezi kuzungumzia zana kabla ya kukielewa kifaa chenyewe. Filimbi ya bata ina vipande viwili vya mbao. Cha kwanza ni bomba, ambalo mpigaji hulitia mdomoni, na tundu lake kwa kawaida lina kipenyo cha inchi 5/8, yaani karibu milimita 16. Cha pili ni mkia, ambao nusu yake huchomekwa ndani ya bomba na nusu nyingine hubaki nje ili mkono uushike na kuuziba au kuufungua. Ile nusu inayoingia ndani ndiyo yenye ubao wa sauti: mbao imekatwa upande mmoja ikabaki uso mrefu mwembamba wenye mfereji katikati, na juu ya uso huo umelala ulimi ambao pumzi huutikisa. Ulimi ukipigapiga uso huo ndipo hutoka ile sauti ya kukwaruza ya bata jike. Bomba huichuja na kuikuza sauti, na aina ya mbao huiongezea ukali au ulaini kidogo, lakini sauti yenyewe huzaliwa pale ulimi unapokutana na ubao.

Ili ulimi utikisike ni lazima pawe na nafasi kati ya ncha yake na ubao, na nafasi hiyo hutokana na mpindo. Hapa ndipo mitindo miwili mikuu ya Marekani inapoachana. Kandokando ya ziwa Reelfoot, kaskazini-magharibi mwa Tennessee, ziwa lililofanyika kwa matetemeko makubwa ya 1811 na 1812, mafundi wa mwishoni mwa karne ya 19 kama Victor Glodo walitumia ulimi wa chuma uliopindwa, ukalala juu ya ubao ulionyooka na kubanwa kwa kabari ya mbao. Katika mtindo uitwao wa Arkansas mambo ni kinyume: ulimi umenyooka, na mpindo umechongwa katika ubao wenyewe, kama ilivyokuwa katika filimbi ya D-2 ya mpira mgumu aliyoitengeneza Philip S. Olt wa Pekin, Illinois, mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi ulimi wa mtindo huu hukatwa kutoka kwenye karatasi ya plastiki ngumu ya mailari, yenye unene wa inchi 0.010 au 0.014, ambayo ni sawa na milimita 0.25 na 0.36, kisha hubanwa kwa kabari ndogo ya gome laini, lile lile linalozibia chupa za mvinyo.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika kuchagua zana, kwa sababu inaamua ni wapi fundi atatumia ustadi wake. Anayechagua ulimi wa chuma anajiingiza katika kazi ya shaba nyembamba, mkasi wa bati, nyundo ndogo na subira ya kupinda chuma hadi kiseme. Anayechagua ubao uliopinda anabaki katika mbao, tupa na msasa. Seremala wetu ameshika tupa na randa tangu ujana wake, na jicho lake huona unyofu wa ubao kabla ya rula kuwekwa. Shaba hakuwahi kuifanyia kazi. Kwa hiyo, ingawa tuko saa chache tu kwa gari kutoka Reelfoot na mmoja wa wateja alitamani filimbi ya aina aliyokuwa nayo babu yake, tuliamua filimbi zote sita ziwe za mtindo wa Arkansas, zenye ulimi mmoja. Uamuzi huo ulifanyika kabla hata dola moja haijatumika, na nadhani ndiyo hatua ambayo wanaoanza huiruka mara nyingi: hununua zana za kutengeneza “filimbi ya bata”, kisha ndipo wajiulize ni filimbi ya namna gani.

Inafaa kueleza pia kwa nini wateja wa eneo hili ni wakali kuhusu sauti. Hadi 1935 mwindaji wa Marekani aliruhusiwa kutumia bata hai kama vivutio, akawafunga majini ili wawaite wenzao walioko angani. Serikali ya shirikisho ilipopiga marufuku jambo hilo mwaka huo, wito ukabaki kuwa kazi ya mwindaji mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1936, mji wa Stuttgart katika jimbo la Arkansas, ulioko katikati ya mashamba ya mpunga ambako bata wa kichwa cha kijani hushuka kwa wingi majira ya baridi, ulianzisha mashindano ya kuita bata ambayo yanaendelea hadi leo. Watu waliolelewa katika desturi hiyo hawainunui filimbi kwa sababu inang’aa. Huiweka mdomoni, hutoa sauti ya salamu ya mbali, kisha ile sauti ya chini ya haraka ya bata wanaokula, na filimbi inayogoma katikati hurudishwa kwa fundi hata kama mbao yake ni nzuri kiasi gani.

Sasa tuangalie mashine. Kipande cha mbao cha filimbi ni mraba wa inchi 1.5 na urefu wake hauzidi inchi 4 au hivi. Kerezo dogo la mezani, lenye uwezo wa kuzungusha kipande cha kipenyo cha inchi 10, linatosha na kubakiza. Ukubwa wa mashine hauongezi chochote katika kazi ya namna hii. Mambo ya kuangalia ni usawa wa mzunguko, kuelekeana kwa kichwa cha mbele na kichwa cha nyuma, na kama vipimo vyake vya kushikia vifaa ni vya kawaida, yaani nyuzi za inchi 1 zenye meno 8 kwa inchi na tundu la mchongoko la Morse namba 2, ili vikamatio vya kampuni yoyote vikae bila kutafutiwa viunganishi. Seremala alipata kerezo lililotumika kwa dola 300 kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Kabla ya kulipa tulilipima kwa njia mbili ambazo hazihitaji kifaa chochote cha gharama. Tuliweka ncha kali katika kila kichwa, tukazisogeza mpaka zikagusana, tukaangalia kwa tochi kama zinakutana nukta kwa nukta au zimepishana. Kisha tukaushika mhimili kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa, tukauvuta huku na huku kusikia kama beringi zimelegea. Zilikuwa imara. Rangi yake ilikuwa imebanduka na mpini mmoja umevunjika, na hayo hayakutuhusu.

Mashine ya kutobolea ya kusimama tuliiondoa kwenye orodha, na sababu yake inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu inagusa mpangilio mzima wa kazi.

Mtu asiyezoea hudhani kwamba tundu la bomba lazima lipite katikati kabisa ya kipande cha mbao, na kwa hiyo hutafuta mashine ya bei kubwa ya kutobolea isiyoyumba hata kidogo. Ukweli ni kwamba biti yoyote ndefu inayoingia katika mbao kwa kufuata urefu wa nyuzi zake huweza kupotoka, hasa mbao yenye mistari migumu na laini kwa zamu, na hakuna mashine inayoweza kulizuia jambo hilo kabisa. Mafundi wa filimbi wamelitatua tatizo kwa kupindua mpangilio: tundu hutobolewa kwanza, wakati kipande bado ni mraba, kisha kipande huvikwa kwenye mandreli, fimbo ya chuma inayopanuka na kulijaza tundu, na umbo la nje hukerezwa kulizunguka. Tundu likiwa limepotoka kidogo, umbo la nje hulifuata, na mwishoni vyote viwili vina kitovu kimoja. Kwa mpangilio huu kutoboa ndani ya kerezo lenyewe kunatosha, biti ikiwa imeshikwa katika kichwa cha nyuma na kipande cha mbao katika kikamatio cha mbele.

Kisichosamehewa ni kipenyo cha tundu. Mkia hushikwa ndani ya bomba kwa kubana, mara nyingi kwa msaada wa oringi mbili nyembamba za mpira zilizokaa katika mifereji yake. Tundu likiwa pana kwa mlango na jembamba kwa ndani, au likiwa na kuta zilizochanika, hewa hupita kandokando ya mkia na sauti hufa. Biti za kawaida za mbao huacha tundu kubwa kidogo kuliko jina lake, na kadiri ukali unavyopungua ndivyo kipimo kinavyobadilika kutoka bomba moja hadi jingine. Kwa hiyo tulitumia fedha mahali hapo: biti ya inchi 19/32 kwa kufungulia njia, kisha rima ya inchi 5/8 kwa kulikamilisha tundu. Rima haiondoi mbao nyingi. Hukwangua kuta zilizobaki mpaka kipimo kamili, na kuta hutoka laini kiasi kwamba kidole hakihisi mkwaruzo. Kwa pamoja na biti ya inchi 1/4 ya mfereji wa mkia, vifaa hivi viligharimu dola 75, na kati ya vyote vilivyonunuliwa, mbali na jigi, naviona ndivyo vilivyoleta faida kubwa zaidi kwa kila dola.

Kuna jambo moja la kerezo dogo ambalo muuzaji hatalitaja. Mkono wa kichwa cha nyuma hutoka nje inchi 2 au mbili na nusu hivi, ilhali bomba linahitaji tundu la zaidi ya inchi 3. Fundi hulazimika kusimamisha mashine, kurudisha mkono ndani, kulegeza kichwa chote, kukisogeza mbele na kuendelea. Katika mashine isiyoelekeana vizuri, hapo ndipo tundu linapopata kona. Ndiyo maana lile jaribio la ncha mbili lilikuwa na umuhimu kuliko nguvu ya mota.

Joto nalo lilijionyesha mapema. Seremala alipotoboa kipande cha kokobolo, mbao nyekundu yenye mafuta kutoka Amerika ya Kati, aliisukuma biti kwa mwendo aliouzoea katika mbao za kawaida, na kipande kikapasuka mwishoni kwa mstari mwembamba kama unywele, ambao haukuonekana mpaka bomba lilipokerezwa. Mbao haitoi joto nje kwa haraka. Baada ya hapo alipunguza mwendo hadi mizunguko 500 kwa dakika, akawa anaitoa biti kila baada ya milimita 6 kupukutisha unga, na anaiacha ipoe kabla ya kuirudisha. Hakuna zana ya kununua inayochukua nafasi ya utaratibu huo.

Kwa mkia, sheria ni tofauti kidogo na ya bomba. Mfereji wa ndani na ile sehemu ya nje inayochomekwa lazima viwe na kitovu kimoja, la sivyo ubao wa sauti utakuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Njia salama ni kufanya vyote viwili bila kukitoa kipande katika kikamatio: kutoboa mfereji, kukereza sehemu ya kuchomeka mpaka kipimo, na kukata mifereji ya oringi, kwa mshiko ule ule. Hili ndilo lililotufanya tutoe dola 150 kwa kikamatio kizuri cha taya nne chenye taya ndefu nyembamba, nusu ya bei ya mashine yenyewe. Kikamatio kibovu kwenye kerezo zuri huharibu kazi, na kerezo la kawaida lenye kikamatio kizuri hutoa filimbi zinazouzika.

Patasi za kabaidi zilikuwa na mvuto wake. Vichwa vyake vidogo havinolewi; kimoja kikiisha makali hugeuzwa upande mwingine na hatimaye hutupwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kunoa chochote ushauri wa kuzinunua ni wa haki kabisa, kwa kuwa humwezesha kuanza kesho yake. Lakini seremala wetu si mtu huyo. Alifundishwa kunoa patasi juu ya kinoo kabla hajaruhusiwa kuitumia, na makali yake hukata karatasi iliyoning’inia. Kumnunulia kabaidi ni kumlipia kitu ambacho tayari anacho mikononi. Vilevile vichwa hivyo hukwangua zaidi kuliko kukata, na katika mbao laini huacha nyuzi zilizosimama ambazo lazima ziondolewe kwa msasa mwingi. Tulichagua patasi nne za chuma kigumu cha kawaida cha ukerezaji, zilizotumika, kwa dola 90: bobari pana ya kuondolea pembe, bobari ndogo ya kuchongea mikunjo, patasi ya makali ya mshazari kwa kulainishia, na patasi nyembamba ya kukatia ambayo ndiyo pia hufungua mifereji ya oringi. Tuliongeza mashine ndogo ya kunolea ya mwendo wa polepole, iliyotumika, kwa dola 60, kwa kuwa bobari huchosha mno kuzinoa kwa kinoo pekee.

Nafika sasa kwenye jigi, na hapa ndipo seremala na mimi tulipotofautiana kwa heshima. Jigi ya ubao wa sauti ni kipande cha chuma kilichopashwa na kuwa kigumu, chenye tundu la kuingizia mkia na uso uliochongwa kwa mpindo kamili unaotakiwa. Fundi huingiza mkia, huukaza, hukata mbao ya ziada kwa msumeno wa meno madogo, kisha hupiga tupa bapa mpaka tupa iguse chuma. Tupa haiwezi kukila chuma kile. Huteleza, na mlio wake hubadilika, kutoka sauti nzito ya kula mbao hadi mlio mwembamba wa chuma kwa chuma. Mlio huo ndio unaomwambia asimame. Bei ilikuwa dola 150, na seremala aliona ni fedha nyingi kwa kipande kisichozidi ukubwa wa kiberiti cha jikoni, hasa kwa mtu anayeweza kunyoosha na kupinda ubao kwa tupa bila msaada wa chochote.

Hoja yake ilikuwa na nguvu. Tatizo ni kwamba mpindo huu hauonekani kwa jicho kama mpindo wa mguu wa kiti. Tofauti kati ya ubao unaosema na ubao unaogoma ni ndogo kuliko unene wa ulimi wenyewe. Mpindo ukiwa mdogo mno, ulimi hugandama juu ya ubao mpigaji anapoongeza pumzi, na sauti hukatika. Ukiwa mkubwa mno, pumzi nyingi hupotea kabla ulimi haujashtuka, na filimbi humchosha mwenyewe. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuufikia mpindo unaofaa kwa tupa huru, lakini kwanza awe anajua sauti anayoitafuta na jinsi inavyobadilika kwa kila mpigo wa tupa. Seremala wetu, aliyekuwa hajawahi kusimama katika maji ya baridi alfajiri akisikiliza bata, bado hakuwa na sikio hilo. Mkono wake ulikuwa tayari, sikio lilikuwa linahitaji mwalimu.

Kulikuwa pia na suala la agizo. Mteja alitaka filimbi sita zinazofanana, na kufanana kwa mteja huyu kulimaanisha sauti. Bila jigi, filimbi ya kwanza na ya sita zingekuwa ndugu wa mbali. Nilimshauri ainunue, atengeneze zote sita kwa mpindo wa jigi, na kila mara baada ya kupima sauti ajaribu juu ya vipande vya kutupa nini hutokea tupa ikizidi kidogo karibu na ncha, au karibu na kabari. Alikubali, kwa sharti kwamba jigi isiwe mwisho wa safari. Nililiheshimu sharti hilo, na mafundi wa filimbi wa Marekani wanalielewa vizuri: mpindo wa jigi ni kazi ya aliyeibuni jigi, na anayetafuta jina katika ufundi huu hatimaye hutafuta ubao wa sauti ulio wake.

Baada ya tupa hufuata kazi ndogo zinazohitaji vitu vidogo. Karatasi ya msasa namba 400 hubandikwa juu ya kioo, na uso wa ubao hupitishwa juu yake kwa upole kuondoa alama za tupa bila kuubadili mpindo. Pembe za ncha ya ulimi hukatwa kwa mkasi mkali. Kuufupisha ulimi hupandisha sauti, kuuacha mrefu huishusha, na kwa kuwa mailari ni rahisi mtu asiogope kukata ndimi nyingi mpaka apate ule unaokaa vizuri. Kalipa ya kupimia hadi sehemu ya kumi ya milimita ni ya lazima kwa mkia na oringi. Vyote hivi, pamoja na tupa mbili na msumeno mdogo, vilimaliza dola 70.

Sikukubali kabisa fedha ya barakoa iguswe. Mbao za jamii ya kokobolo na mpingo hutoa unga unaowasha ngozi na kifua, na baadhi ya watu huanza vizuri kisha miili yao huukataa unga huo moja kwa moja, wasiweze kuigusa mbao hiyo tena. Gereji ya seremala inashikana na chumba cha watoto. Barakoa ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha, na vichujio vya akiba, vilichukua dola 45, na alipewa masharti ya kufungua mlango mkubwa na kubadilisha nguo kabla ya kuingia ndani.

Kwa kuwa mpingo umetajwa: mteja mmoja alileta vipande viwili vya mpingo wa Afrika Mashariki, akitaka filimbi yake itokane na mbao ile ile inayotengeneza klarineti. Ni mbao inayofaa sana. Ni nzito kiasi cha kuzama majini, hukatwa safi kwa patasi kama pembe, na huvumilia mate na mvua kuliko mbao nyingi. Lakini karibu jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, na seremala alimwomba mteja risiti ya alikovinunua kabla ya kuvipokea, jambo ambalo nilifurahi kuliona. Zaidi ya hayo, vipande vyenyewe vilikuwa bado vimefunikwa nta na vizito kwa unyevu. Mpingo hukauka polepole mno, na ukikerezwa mbichi tundu la inchi 5/8 halibaki inchi 5/8. Vimewekwa juu ya rafu, vimeandikwa uzito kwa penseli, na vitapimwa tena na tena mpaka uzito utulie. Filimbi sita zilitengenezwa kwa mbao ya mjozi na ya mcheri, ambazo ni rahisi, hukauka vizuri, na hazimwadhibu anayejifunza.

Jumla ya matumizi, kwa kuongeza dola 50 za mandreli na dola 40 za kikamatio cha biti, ilifika dola 1,030. Dola 70 zilizobaki zilinunua mailari, oringi na gome la kabari. Filimbi tano kati ya sita zilipokelewa mara moja. Ya sita ilirudi kwa sababu iligandama katika baridi kali, na kosa lilikuwa kabari iliyobana ulimi kwa kupinda upande mmoja. Ilibadilishwa kwa dakika chache na ikasema.

Maombi yaliyofuata yameibua swali la zana za awamu ya pili. Seremala amepewa maagizo mengine, na fedha ya kwanza itakayopatikana tumekubaliana inunue mandreli ya pili na rima ya pili, ili mabomba yatobolewe kwa mafungu wakati mengine yanakerezwa, kwa sababu muda mwingi wa jioni yake unaishia katika kufunga na kufungua vipande. Kerezo kubwa halimo katika mpango. Yule mteja anayetaka filimbi ya ulimi wa shaba kama ya babu yake ameambiwa asubiri. Ombi lake litahitaji mkasi wa bati, kikalio cha chuma cha kupindia, na majaribio ya unene mbalimbali wa shaba, na seremala ameomba kwanza akae na fundi wa Reelfoot aone jinsi mkono unavyopinda ulimi huo kabla ya kununua hata kimoja kati ya hivyo.